Mashine iliyonisubiri

Kifungo cha tatu kutoka kwenye kola. Jana asubuhi nilikifunga kwa mkono wa kulia, mkono uleule ambao miaka miwili iliyopita ulikuwa unaning'inia ubavuni kana kwamba si wangu. Kidole gumba kilishika ukingo, kidole cha shahada kikasukuma kitambaa, kifungo kikaingia nusu, kikatoka, kikaingia tena. Nilisikia ule mkwaruzo mdogo wa kifungo kikipita kwenye nyuzi za tundu, mlio ambao fundi cherehani anaujua hata akiwa amefumba macho. Mume wangu anasema zilikuwa dakika nne na ushee. Yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja amevikalia, kwa sababu anajijua: akiviacha huru vitakuja kunifungia.

Kule kusubiri kwake ndiko ninakotaka kukuandika leo. Hakuzaliwa nako, na mimi pia sikujua kumwomba. Tulikujifunza kutoka kwa mashine.

Nimeshona kwa miaka ishirini na sita. Siku ile nilikuwa nakata mkono wa gauni, mkasi ukanitoka. Nikainama kuuokota, vidole vikaugusa lakini havikuushika. Nikamwita binti yangu, maneno yakatoka yamelegea kama ya mtu mwenye usingizi. Yeye ndiye aliyeona mdomo wangu umekwenda upande, na hakupoteza muda kuniuliza maswali, alitafuta gari. Kilikuwa kiharusi: bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Njia za neva zinazoendesha mikono na miguu hupishana chini ya ubongo kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo ubongo wa kushoto ukiumia, mwili wa kulia ndio unaolipa. Ulimi wangu ulirudi ndani ya wiki chache. Mguu ukafuata, kwanza kwa fimbo, baadaye bila fimbo. Mkono ukabaki.

Wasiopitia hali hii hudhani mkono uliopooza ni mzito. Wangu haukuwa mzito tu. Ulikuwa kimya. Unamtuma mtu dukani na harudi, wala hujui kama amefika: hivyo ndivyo ilivyokuwa kila nilipojaribu kunyanyua kidole. Nilikuwa naukodolea macho, nauambia "inuka", nasikia shingo inakaza, meno yanakaza, mguu wa kulia unatikisika, kila kitu kinaitika isipokuwa ule niliouita.

Basi tukafanya kile ambacho kila familia yenye upendo hufanya. Mkono wa kushoto ukajifunza upesi kupiga mswaki, kushika kijiko, kugeuza ufunguo. Yale ambayo kushoto haukuweza, mume wangu aliyafanya kabla sijasema. Alinifunga vifungo, alinikatia nyama sahanini, aliuweka mkono wa kulia juu ya mto kama mtoto mchanga. Nilimshukuru kila siku. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tunaufundisha mkono ule kuacha.

Jambo hili lina jina kwa wanasayansi, na maana yake ni kutotumia kulikojifunzwa. Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, aliliona kwa nyani waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Nyani aliacha kuutumia mkono ule ingawa misuli ilikuwa bado inapata amri kutoka kwenye ubongo. Alijaribu mwanzoni, akashindwa, akaona mkono mzima unatosha, akazoea. Mkono mzima ulipofungwa, ule mwingine ukaanza kufanya kazi tena. Kutokana na hayo ikazaliwa tiba ya kuuvalisha mkono mzima glovu nene ili mgonjwa alazimike kuutumia ulio dhaifu. Jaribio kubwa la tiba hiyo lilitangazwa mwaka 2006 huko Marekani kwa watu 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla. Walivaa glovu karibu saa zote walizokuwa macho kwa wiki mbili, huku wakifanya mazoezi mengi, na mikono yao ikafanya vizuri kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Tofauti hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye.

Mimi sikufaa kwa tiba hiyo. Sharti lake ni kwamba uweze walau kidogo kuinua kifundo cha mkono na kukunjua vidole. Mimi nilikuwa sina hata hicho kidogo. Na hapo ndipo dada anayenihudumia, mtaalamu wa fiziotherapia, kijana wa umri wa binti yangu, aliponikalisha mbele ya roboti.

Neno roboti lilinitisha. Nilitarajia kitu chenye kichwa na macho. Nilichokikuta ni meza, kiti chenye mikanda miwili ya kifuani, skrini, na mkono wa chuma uliolala juu ya meza ukiwa na kishikio mwishoni. Aliulaza mkono wangu kwenye kihori kidogo chenye sponji, akafunga utepe wa kunata, akavizungusha vidole vyangu kwenye kishikio kimoja kimoja. Kwenye skrini kulikuwa na duara katikati na maduara manane pembeni yakilizunguka, kama pande za dira. Nukta ya manjano ilikuwa mkono wangu. Kazi ni kuitoa nukta katikati, kuipeleka kwenye duara lililowaka, kuirudisha, kisha duara linalofuata.

Akaniambia, "Mama, mashine hii haitakusukuma kwanza. Itakupa nafasi. Ukishindwa, itakuchukua taratibu. Wewe jaribu kila mara, hata kama huoni kitu."

Duara la juu likawaka. Nikatuma amri. Nukta ikakaa. Mashine ikakaa. Zilikuwa sekunde chache tu, lakini sikuwa nimepewa sekunde kama hizo tangu niugue. Hakuna mtu aliyeshusha pumzi pembeni yangu. Hakuna mkono uliokuja. Halafu nikasikia chuma kinanivuta polepole, laini, mkono wangu ukateleza hadi kwenye duara na kurudi. Duara la pili. Amri, kimya, kuvutwa. Hivyo hivyo mpaka nikapoteza hesabu.

Kikao cha kumi na moja, dada yule alisimamisha zoezi na kunionyesha mstari ambao kompyuta ilikuwa inauchora kila nilipojaribu. Mstari ulitoka katikati ukiwa umenyooka, ule ulikuwa msaada wa mashine. Lakini pale mwanzoni kabisa, kabla msaada haujaanza, kulikuwa na kipinda kidogo, kama mshono ulioruka. Aliweka ukucha wake juu yake. "Hiki si cha mashine," akasema. "Hiki ni chako."

Kilikuwa kifupi kuliko punje ya mchele. Kwa jicho nisingekiona mezani, na wala sikukisikia mkononi. Mashine ilikisikia kwa sababu ilikuwa imenyamaza na kungoja. Nililia pale pale, na sioni haya kuyaandika.

Mashine za ukoo huu zilianzia chuo cha MIT huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya Neville Hogan na Hermano Igo Krebs. Ya kwanza iliitwa MIT-Manus. Roboti ya kiwandani ni ngumu, inakwenda ilikoagizwa hata ukiwa umesimama njiani. Hii ilitengenezwa iwe laini, ikubali kusukumwa, ihisi nguvu ya mtu na kuijibu. Unapoanza kuweza, inapunguza msaada wake. Unapochoka, inaongeza. Mtaalamu wangu alikuwa akiangalia takwimu mwisho wa kila wiki na kufurahi pale msaada ulipopungua, hata kama mimi niliona wiki imekuwa ngumu zaidi. Ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Faida nyingine ni wingi. Mwaka 2009 watafiti walikaa na kuhesabu ni mara ngapi mgonjwa wa kiharusi anarudia kitendo chenye maana kwa mkono wake katika kikao cha kawaida cha mazoezi. Wastani ulikuwa 32. Wanyama wanaofunzwa kwenye majaribio ya ubongo kujipanga upya hurudia mamia kwa siku. Kwa saa moja mbele ya roboti, mimi pia nilifika mamia. Dada yule ana wagonjwa wengi na mikono miwili tu, hata angetaka hawezi kunishika mkono mara mia saba bila bega lake kuumia.

Lakini si kila mashine ina subira. Miezi michache kabla ya hapo nilipelekwa mahali pengine penye kifaa cha kuvaa mkono mzima, kuanzia begani hadi vidoleni, kinachokunja na kukunjua chenyewe. Walinifunga, wakabonyeza, wakaondoka. Mkono wangu ulikuwa unapanda na kushuka kwa uzuri wa kupendeza macho, na mimi baada ya dakika kumi nikasinzia. Kwa wiki sita nilikwenda na kurudi, nikitazama mkono wangu ukichezeshwa. Sikupata kitu. Sasa najua sababu: mwili unaposaidiwa kila kitu, hupunguza juhudi zake wenyewe, hata bila mwenyewe kutaka. Watafiti wa roboti hizi wanalifahamu hilo vizuri na hulikwepa kwa kuifanya mashine isaidie pale tu inapohitajika. Kinyongo changu cha wiki zile sita hakijaisha. Mtu akikufunga kwenye kifaa, muulize: mimi nafanya nini hapa? Akijibu kwamba wewe tulia tu, basi kifaa hicho kinaweza kukunyoosha viungo visikauke, na hilo nalo ni jema, ila usikitegemee kukurudishia mkono.

Vidole vilikuwa vita nyingine. Bega na kiwiko vilianza kuitika, vidole vikabaki vimekunjwa ngumi, kucha zikichimba kiganja. Dada yule alinibandikia pedi mbili za umeme kwenye mkono, upande wa mgongo wa kiganja, chini kidogo ya kiwiko, ilipo misuli inayoinua kifundo na kukunjua vidole. Umeme ule ni mdogo, unasisimua kama mguu ulioingia ganzi unapoanza kuzinduka. Alipoongeza kidogo, ngumi yangu ikafunguka. Kidole kwa kidole, kama ua. Miezi saba sikuwa nimeiona mistari ya kiganja changu ikiwa imekunjuka. Katikati kulikuwa na alama nne za kucha.

Tena akanipa sharti lile lile: nianze mimi. Niwaze kufungua, nijaribu kufungua, ndipo abonyeze kitufe. Baadaye alileta kifaa kinachosoma umeme hafifu wa misuli yenyewe, kinangoja mpaka misuli yangu ionyeshe dalili ya kujaribu, ndipo kinaongeza nguvu. Siku ambazo nilikuwa na mawazo ya mambo mengine, hakikufanya chochote. Nilikipenda kwa hilo.

Binti yangu ni msomaji. Nilipokuwa katika furaha ya kipinda changu, yeye alikuja na habari ambayo hakutaka kunificha. Uingereza walifanya jaribio kubwa kuhusu roboti za aina hiyo hiyo, watu 770, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waliotumia roboti hawakuonekana kuutumia mkono vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilikasirika kwanza. Halafu nikaogopa. Kesho yake nikampelekea dada yule swali lenyewe, bila kuzunguka.

Hakuitetea mashine. Alisema ni kweli, na kwamba kabla ya hapo, mwaka 2010, kulikuwa na jaribio la Marekani kwa watu 127, wengi wao wakiwa wamekaa na kiharusi miaka. Huko roboti iliwasaidia zaidi kidogo kuliko huduma ya kawaida, na tofauti hiyo ilionekana baada ya wiki 36. Lakini kundi la tatu, lililofanyishwa na binadamu mazoezi yenye marudio mengi vilevile, lilipata karibu sawa na la roboti. Akanitazama. "Mama, hapa unasukuma nukta. Nyumbani kwako kuna nukta?"

Sikulala vizuri usiku huo. Nilipitia siku yangu tangu asubuhi: mlango nilifunguliwa, maji nilimiminiwa, shali niliwekewa mabegani. Mkono wangu ulikuwa unafanya kazi saa moja kwa siku mbele ya skrini, mara tatu kwa wiki. Saa zote zilizobaki ulikuwa mgeni ndani ya nyumba yangu.

Wiki iliyofuata alinipa vifaa viwili vya kuvaa mkononi, mfano wa saa, kimoja kulia na kimoja kushoto. Ndani yake mna vihisi vya mwendo. Usiku unaviunganisha na simu, vinakupa muda ambao kila mkono ulikuwa unajongea. Mimi nilidhani kwa mtu mzima anayetumia kulia, mkono wa kulia ndio unaofanya kazi zote. Sivyo. Kwa watu wenye afya mikono yote miwili hujongea karibu sawa siku nzima, maana mmoja ukikata, wa pili unashikilia. Siku yangu ya kwanza: kushoto saa 7 na dakika 20, kulia saa 1 na dakika 5. Na katika ile saa moja ya kulia, dada yule alinikumbusha, kuna kupepea tu wakati wa kutembea, kifaa hakijui tofauti.

Niliiweka simu mezani mbele ya mume wangu. Alizisoma zile namba mara mbili. Yeye ni mtu wa maneno machache. Akauliza, "Hizi saa sita zilizopotea, ni mimi?"

Nikamwambia ni sisi wote. Ila tangu siku hiyo tukawekeana utaratibu. Ninapoanza jambo kwa mkono wa kulia, yeye anahesabu kimoyomoyo hadi thelathini kabla ya kuuliza kama anisaidie. Akifika thelathini anauliza, hafanyi. Nikisema ndiyo, anasaidia kipande kile tu nilichokwama, kama ile mashine. Wiki ya kwanza ilikuwa chungu kwake kuliko kwangu. Nilimwona akigeukia dirishani nilipokuwa napambana na mfuniko wa chupa, kwa sababu hakuweza kutazama. Hesabu yake iliishia kumi, akarudi, akaomba radhi, akaanza upya. Mwezi wa pili akawa anafika thelathini. Sasa hivi hahesabu tena, anakalia viganja tu.

Mazoezi mengine tuliyahamishia nyumbani, kwa kompyuta kibao yenye kamera. Programu inaona kiwiko na bega, inahesabu marudio, na dada yule anaingia kwa video mara mbili kwa wiki kunikosoa. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hiyo ni huduma ya daraja la pili. Jaribio la Marekani la mwaka 2019, watu 124 na vikao 36 kila mmoja, lilionyesha waliofanya mazoezi nyumbani kwa njia hiyo walipata maendeleo yasiyopungua ya waliokwenda kliniki. Na kamera ilinikamata katika kosa ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Nilipokuwa nanyoosha mkono kufikia kikombe, kumbe kiwiko kilikuwa hakinyooki kabisa, kilichokwenda mbele kilikuwa kifua. Mwili una ujanja wake, unafika unakotaka kwa njia ya mkato, na njia ya mkato ikizoeleka kiwiko hakina sababu ya kuamka. Ndiyo maana kile kiti cha kliniki kilikuwa na mikanda. Nyumbani tulitumia mkanda wa nguo, nikafungwa kwenye mgongo wa kiti, na kikombe kikasogezwa karibu zaidi. Marudio yakashuka kutoka arobaini hadi tisa. Tisa zile zilikuwa za kweli.

Kuhusu michezo ya video, nisiseme sana. Nilicheza, nilifurahi. Mwaka 2016 kulichapishwa jaribio la watu 141 lililolinganisha mchezo wa Wii na michezo ya mezani kama karata, na mikono ya makundi yote mawili ikapata nafuu inayolingana. Kwa hiyo asiye na kifaa cha bei asijione amenyimwa dawa. Karata ni nyembamba, zinateleza, zinataka kidole gumba. Jioni nyingi nimegawa karata kwa mkono wa kulia huku watu wazima watatu wakingoja kimya.

Yapo mambo mawili ninayotamani kila nyumba yenye mgonjwa ingeambiwa siku ya kwanza. Usimwinue mtu kwa kumvuta mkono uliopooza wala kwa kumbeba kwapani upande huo. Misuli inayolishikilia bega ikilegea, mfupa hushuka kutoka mahali pake, na maumivu ya bega yakishaingia hakuna mashine itakayovumilika. Mimi nilivutwa hivyo mara nyingi na watu wema, na nilipoteza karibu miezi miwili ya mazoezi. La pili ni kukaza kwa misuli. Ukiona ngumi haifunguki hata kwa kuinyoosha taratibu, usingoje ikauke. Daktari alinichoma sindano za botulinum kwenye misuli inayokunja vidole, zikailegeza kwa miezi kama mitatu. Sindano haikunipa ufundi wowote. Ilinipa kipindi ambacho pedi na mazoezi viliweza kupenya, na tukakitumia kila siku.

Nilipotimiza miezi sita tangu kiharusi, mtu mmoja aliyevaa koti jeupe, sitamtaja wala mahali pake, aliniambia kwamba mlango umefungwa, nilichonacho ndicho nitakachokufa nacho. Alisema akiwa anaandika, hakuinua kichwa. Ni kweli kwamba nafuu ya haraka huja katika wiki na miezi ya mwanzo, na nashauri mtu asiipoteze. Lakini kufunga mlango ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la watu 108, wote wakiwa wamepata kiharusi angalau miezi tisa kabla, wengine miaka. Walipandikizwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, waya wake ukienda kwenye neva ya vagasi shingoni. Kila mgonjwa alipojaribu kitendo kwa mkono, mtaalamu alibonyeza kitufe na neva ile ikapata mshtuko mdogo, kama kuuambia ubongo kwamba hili lishike. Waliopata mshtuko huo wa kweli walipanda wastani wa alama 5 katika kipimo cha mkono, na waliofanya mazoezi yale yale bila mshtuko huo wakapanda 2.4. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani iliidhinisha kifaa hicho. Mimi sijapandikizwa. Ninachokitazama ni zile alama 2.4: hata wasiopata mshtuko, watu ambao yule wa koti jeupe angewaambia mlango umefungwa, walipanda.

Kipimo chenyewe kinaitwa Fugl-Meyer, kilitoka Sweden mwaka 1975, na kwa mkono kina alama 66. Nilianza roboti nikiwa na 13. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa na 27. Mwezi uliopita nilipata 35. Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi kwa sababu kinafanana na kazi: sanduku lenye kizuizi katikati, vipande vya mbao vya sentimita mbili na nusu, dakika moja, uhamishe vingapi uwezavyo upande wa pili. Sifuri. Kisha vitatu. Sasa kumi na sita. Mkono wangu wa kushoto unahamisha hamsini na nane, na bado nazihesabu zile kumi na sita kwa sauti.

Mkasi bado. Mkasi mkubwa wa kukatia unataka kidole gumba kifungue kwa nguvu, na changu kinafungua kwa kuomba. Ninakata kwa kushoto, kwa mkasi wa watu wa kushoto, polepole. Lakini kitambaa kinahitaji kushikiliwa, na hiyo sasa ni kazi ya kulia. Naulaza mkono wangu juu yake, natandaza vidole vyote vitano, na kitambaa hakisogei.

Leo mchana nilikuwa napitisha uzi kwenye sindano ya cherehani. Kushoto ulishika sindano, kulia ukaleta uzi. Ukapita pembeni. Nikaulowesha, nikajaribu tena, ukajikunja. Mume wangu alikuwa mlangoni na gazeti, na nilijua hasomi, maana ukurasa haukugeuka. Mara ya sita au ya saba ncha ya uzi iliingia kwenye tundu, nikaona kichwa chake kidogo cheupe kimetokea upande wa pili, kinatetemeka pamoja na mkono wangu.

"Usije," nikamwambia.

"Sijasogea," akasema.

Nikauvuta.